Kuongoza mtandao wa miji Ulaya: kura, mkataba na hesabu zake

Mji wa Ulaya ukitangaza kwamba unawania kuongoza mtandao wa miji, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: unawania kwa kura au kwa mkataba? Njia zote mbili huitwa uongozi, na taarifa nyingi za habari huzichanganya. Kumbe kazi zake ni tofauti, gharama zake ni tofauti, na hata watu wanaozibeba ndani ya halmashauri si wale wale.

Uongozi wa kura hupatikana katika vyama vya miji vyenye wanachama wa kudumu. Kikubwa kati yake kwa upande wa majiji ni Eurocities, chenye makao Brussels. Kilianzishwa mwaka 1986 na majiji sita: Barcelona, Birmingham, Frankfurt, Lyon, Milan na Rotterdam. Leo kina wanachama zaidi ya 200. Kipo pia Baraza la Manispaa na Mikoa ya Ulaya lililoundwa mwaka 1951, Polis inayoshughulikia usafiri, na Energy Cities inayoshughulikia nishati. Humo mji hugombea ujumbe wa kamati tendaji, urais, au uenyekiti wa jukwaa la mada fulani.

Uongozi wa mkataba ni jambo jingine kabisa. Hapa mtandao hauna maisha marefu. Miji minane au kumi hukusanyika kwa miaka miwili au mitatu kutatua tatizo moja kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na mmoja wao husaini mkataba wa ruzuku kwa niaba ya wote. Mji huo huitwa mshirika kiongozi. Mpango unaojulikana zaidi kwa mitandao ya namna hii ni URBACT, ulioanza mwaka 2002 na ambao sasa uko katika awamu yake ya nne, ya 2021 hadi 2027.

Tuanze na kura, kwa kuwa maelezo yake ni mafupi.

Eurocities huongozwa na kamati tendaji ya majiji kumi na mawili yanayochaguliwa na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka. Kiti ni cha mji, lakini anayekikalia ni meya. Mwaka 2020 urais ulikwenda kwa Dario Nardella, meya wa Florence wakati huo. Mwaka 2023 ukaenda kwa Burkhard Jung wa Leipzig, aliyekuwa meya wa jiji hilo tangu 2006. Mfungamano huo wa kiti na mtu ndio nguvu ya nafasi hizi, na ndio udhaifu wake. Meya mwenye jina kubwa hufungua milango ya makamishna wa Umoja wa Ulaya. Akishindwa uchaguzi nyumbani, jiji lake hulazimika kujipanga upya kwa haraka, maana wajumbe walimpigia kura yeye na jiji kwa pamoja.

Anayegombea huko anapimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni rekodi: je, maofisa wa jiji hili huhudhuria vikundi kazi, hujibu madodoso, hupokea wageni wa kitaalamu? Jiji lisiloonekana kwa miaka kisha likaja kuomba kiti siku ya uchaguzi hukosa watu wa kulitetea. La pili ni mizani ya ramani. Wapiga kura hawapendi kamati iliyojaa majiji ya kaskazini na magharibi peke yake, kwa hiyo jiji la Ulaya ya Kati au ya Mashariki lina hoja ya kusimamia, mradi liwe limefanya kazi. Ndiyo maana ushauri ulio salama kwa jiji changa katika chama ni kuanzia chini. Liwe mwenyekiti wa kikundi kazi, kisha liombe uenyekiti wa jukwaa, liwe la utamaduni, mazingira, uchukuzi au masuala ya jamii, na kamati tendaji ije baadaye. Mwenyekiti wa jukwaa huandaa ajenda, huongoza mikutano na husaidia kuandika misimamo inayopelekwa Brussels. Kazi hiyo humtaka ofisa mmoja anayelijua somo kwa kina kuliko inavyomtaka meya mwenye hotuba nzuri.

Sasa mkataba, ambako mambo ni mengi zaidi na makosa yake hulipiwa kwa fedha taslimu.

Mfano mzuri wa kuueleza ni Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia wenye watu wasiozidi laki tatu hivi. Si jiji kubwa kwa vipimo vya Ulaya, wala halikusubiri kuwa kubwa ndipo liongoze. Mwaka 2015 halmashauri yake ilianzisha Njia ya Nyuki, yaani mtandao wa vituo ndani ya mji unaounganisha wafugaji wa nyuki, shule, bustani za mimea, makumbusho na wauza asali. Mwaka 2016 Ljubljana ilikuwa Mji Mkuu wa Kijani wa Ulaya. Mwaka 2017 Njia ya Nyuki ilitajwa na URBACT kuwa miongoni mwa mifano bora 97 ya miji, na mwezi Desemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Slovenia, uliitangaza tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani.

Mfano bora haukuwa tuzo ya kutundika ukutani. Ulikuwa tiketi. URBACT iliweka sharti kwamba mji uliopata cheti hicho ndio utakaoweza kuomba kuongoza mtandao wa kuhamishia uzoefu wake kwa miji mingine. Mitandao 25 ilikubaliwa kuanza awamu ya kwanza mwaka 2018, na 23 ikaruhusiwa kuendelea na awamu ya pili mwezi Desemba. Awamu ya kwanza ilikuwa na miji mitatu tu kwa kila mtandao: kiongozi na wenzake wawili. Katika miezi hiyo michache kiongozi alitakiwa kufanya utafiti wa hali ilivyo na kutafuta washirika wa kutosha ili mtandao ufikie miji sita hadi minane, yeye mwenyewe akiwemo. Ljubljana ilimaliza na Amarante ya Ureno, Bydgoszcz ya Poland, Cesena ya Italia, Hegyvidék ambayo ni wilaya ya kumi na mbili ya Budapest, na Nea Propontida ya Ugiriki. Mtandao ukaitwa BeePathNet. Ulipomalizika, Ljubljana iliongoza wimbi la pili kuanzia 2021 pamoja na Bansko, Bergamo, Lidzbark Warmiński, Osijek na Sosnowiec.

Kwa nini ombi kama hilo lilishinda? Mada ilikuwa nyembamba, nao mji ulikuwa umeshaitenda. Maombi mengi huanguka kwa sababu ya mada pana kama "uendelevu", "ubunifu" au "ushirikishwaji", ambazo mji wowote unaweza kuziandika na hakuna anayeweza kuzipima. Nyuki wa mjini wanapimika. Kuna mizinga, kuna sheria ya umbali wa mzinga na nyumba, kuna dawa za mimea zinazopigwa bustanini, kuna shule inayoingiza somo hilo kwenye ratiba. Halafu Ljubljana iligawa uzoefu wake katika sehemu: ufugaji wenyewe, elimu, bioanuwai, bidhaa na utalii. Mgawanyo huo ni wa lazima, kwa sababu sheria za kuweka mizinga ndani ya mji hazifanani kati ya nchi na nchi. Mji ambao sheria yake bado haijaruhusu mizinga unaweza kuanza na elimu na upandaji wa maua huku ukipigania mabadiliko ya sheria. Kiongozi anayetaka wote wafanye kila kitu kama alivyofanya yeye hubaki na washirika wanaomwitikia mikutanoni na kukaa bila kufanya chochote nyumbani.

Kwenye awamu ya nne ya URBACT kanuni zimebadilika kidogo, nazo ndizo zinazomhusu anayejipanga sasa. Chukua mwito wa mitandao ya kupanga hatua wa mwaka 2023. Ulifunguliwa tarehe 9 Januari na kufungwa tarehe 31 Machi. Mitandao 30 ilikubaliwa mwishoni mwa Mei, kazi ikaanza Juni 2023 na kumalizika Desemba 2025. Kila mtandao ulitakiwa uwe na miji minane hadi kumi kutoka nchi zisizopungua saba, na bajeti yake yote isizidi euro 850,000.

Zihesabu vizuri wiki hizo: hazifiki kumi na mbili kati ya kufunguliwa na kufungwa. Mji unaoanza kutafuta mada siku mwito unapotangazwa umeshachelewa. Muda unaofaa kuanza ni miezi sita kabla, na kazi ya kwanza haiko Brussels wala Paris, yaliko makao ya URBACT, iko ndani ya halmashauri yenyewe. Kinahitajika kibali cha baraza la madiwani, au cha meya pale sheria ya nchi inapompa mamlaka hayo, kinachosema waziwazi nani atakuwa mratibu, fedha za mchango wa mji zitatoka kifungu gani cha bajeti, na idara gani itatekeleza matokeo. Bila hilo la tatu, mradi hubaki ofisi ya uhusiano wa kimataifa na kufia humo. Idara ya mipango miji au ya mazingira ikishirikishwa baada ya ruzuku kupatikana huuona mradi kama mzigo wa watu wengine.

Baada ya kibali, washirika. URBACT ina ukurasa ambapo miji hutangaza wazo lake na mingine huomba kujiunga, na kila nchi ina kituo cha taifa cha mpango huo kinachoweza kuunganisha watu. Maombi ya kujiunga yanaweza kuwa mengi kuliko nafasi. Hapo ndipo uongozi unaanza hasa. Mshirika mzuri hatambuliwi kwa ukubwa wa jina lake. Anatambuliwa kwa majibu ya maswali manne yanayoulizwa kwa simu ya video, si kwa barua pepe: tatizo lako ni lipi mtaani, nani kwenye idara atalishughulikia, mmeshajaribu nini kikashindikana, na uchaguzi wenu ujao ni lini? Swali la mwisho hukwepwa kwa adabu, nalo ni la muhimu sana. Miji miwili kati ya tisa inapokuwa na uchaguzi katikati ya mradi, ratiba lazima iwe na nafasi ya miezi ambayo miji hiyo haitaamua chochote. Pia ni busara kuwa na mji mmoja au miwili ya akiba yenye barua tayari, kwa sababu karibu kila mara kuna anayejitoa wiki ya mwisho.

Kanuni nyingine za ushirika huangaliwa mapema. Kiongozi hutoka katika nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Miji ya Norway na Uswisi, na ya nchi zinazosubiri kujiunga kama Albania na Serbia, inaweza kuwa mshirika kwa masharti ya fedha tofauti. Manchester ni funzo la upande huu. Iliongoza mtandao wa C-Change, uliohusu sanaa, utamaduni na tabianchi, ikiwa na Wrocław, Gelsenkirchen, Šibenik, Águeda na Mantova, na iliumaliza kwa fedha za kipindi cha 2014 hadi 2020 hata baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Awamu ya nne ilipoanza, miji ya Uingereza haikuwa tena kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Ubora wake haukupungua, ila nchi yake haikuwemo tena.

Ombi lenyewe hujazwa kwenye mfumo wa intaneti wa mpango, na kila mshirika hutoa barua ya ahadi kwa kiolezo kilichowekwa, iliyosainiwa na kiongozi mwenye mamlaka. Inasikitisha kuona maombi mazuri yakikataliwa kwenye ukaguzi wa awali, kabla mtaalamu yeyote hajasoma wazo. Sababu ni zile zile: barua iliyosainiwa na mkurugenzi badala ya kiongozi wa kuchaguliwa, barua yenye jina la zamani la mradi, kiolezo kilichofutwa sentensi, kiasi cha fedha kwenye barua kisicholingana na kile cha kwenye fomu. Dawa yake ni ya kiofisi tu. Mtu mmoja apewe kazi ya barua peke yake, aanze kuzikusanya wiki sita kabla ya mwisho, na azilinganishe na fomu neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu. Sekretarieti ikisharidhika na uhalali wa ombi, jopo la wataalamu wa nje hulipima kwa uzito wa mada, mshikamano wa kazi, ubora wa ushirika na uwezo wa kiongozi, kisha kamati ya ufuatiliaji ya mpango, yenye wawakilishi wa nchi, ndiyo inayoamua.

Kuhusu uwezo wa kiongozi, wapimaji hutafuta watu. Fomu inayosema "mji una uzoefu mkubwa wa miradi ya Ulaya" haiwaambii kitu. Wanataka kuona mratibu aliyetengwa kwa kazi hiyo, mhasibu wa mradi na mtu wa mawasiliano, na wote watatu wawe na muda ulioandikwa. Mratibu lazima aimudu lugha ya Kiingereza vizuri, maana ndiyo lugha ya mikutano na ripoti. Kosa la miji midogo ni kuwabebesha watu watatu hao mradi juu ya kazi walizokuwa nazo. Miezi mitatu ya kwanza huenda vizuri. Mwezi wa sita, ripoti ya kwanza ya fedha inapodaiwa, mhasibu yuko kwenye kufunga mahesabu ya halmashauri na hapatikani.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo neno kiongozi linapopata maana yake halisi.

Ruzuku hutoka Mfuko wa Ulaya wa Maendeleo ya Mikoa, maarufu kama ERDF, na hailipi kila kitu. Katika awamu ya nne mji ulio kwenye mkoa ulioendelea zaidi hurudishiwa asilimia 65 ya gharama zake, ulio kwenye mkoa wa kati asilimia 70, na ulio kwenye mkoa ulioendelea kidogo asilimia 80. Kinachobaki ni mchango wa mji wenyewe. Tuseme mtandao una miji kumi na bajeti yote ya euro 850,000, kiongozi amejitengea 202,000 kwa kuwa ndiye mwenye uratibu na mawasiliano, na wale tisa wana 72,000 kila mmoja. Kiongozi wa mkoa ulioendelea zaidi atarudishiwa 131,300 na kutoa 70,700 mfukoni mwake. Mshirika wa mkoa ulioendelea kidogo atarudishiwa 57,600 na kutoa 14,400. Mshirika wa mkoa tajiri atatoa 25,200. Sehemu kubwa ya mchango huo inaweza kuwa mishahara ya watumishi waliopo, lakini lazima iwe imeandikwa na kuthibitishwa kama matumizi mengine yote.

Neno la kuzingatia hapo ni kurudishiwa. Mji hutumia kwanza. Kila mshirika hupeleka hati zake kwa mkaguzi wa ngazi ya kwanza wa nchi yake, mkaguzi hutoa cheti, kiongozi hukusanya vyeti vya wote, huandika ripoti ya maendeleo na dai moja la malipo, mamlaka ya usimamizi iliyoko Ufaransa huyapitia na kulipa kwenye akaunti ya kiongozi, naye ndipo anapowagawia wenzake. Anayeijua kamati ya harusi ataielewa nafasi hii: ukumbi na wapishi hulipwa kabla michango haijatimia, na anayesimama mbele ya mwenye ukumbi ni mwenyekiti.

Kwa mfano wetu, kiongozi anatumia wastani wa euro 6,500 kwa mwezi kwa miezi 31. Akipeleka dai kila baada ya miezi sita, na ukaguzi na malipo yakachukua miezi sita mingine, atakuwa na takriban euro 78,000 zilizokwisha kutoka bila kurudi. Jiji kubwa halilioni hilo. Mji wa watu elfu thelathini huliona vizuri sana, na mweka hazina wake anapaswa kuambiwa kabla ya ombi kutumwa.

Ukaguzi wa mshirika mmoja ukichelewa, kiongozi ana njia mbili tu. Anaweza kuwasubirisha wote, au kupeleka dai bila huyo na kumsogeza raundi inayofuata. Kwa maoni yetu njia ya pili ndiyo ya haki, ilimradi tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye makubaliano ya pamoja ambayo washirika wote husaini mwanzoni. Isipoandikwa, kila kuchelewa hugeuka mjadala wa urafiki, na washirika waliotimiza wajibu wao huumia kwa ajili ya asiyetimiza.

Kuna jambo zito zaidi. Kifungu cha 26 cha kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2021/1059 kinampa mshirika kiongozi jukumu la utekelezaji wa mradi wote, na la kuhakikisha kwamba matumizi yanayowasilishwa na wenzake ni ya mradi na yanalingana na kazi zilizokubaliwa. Ikigundulika baadaye kwamba fedha zililipwa isivyostahili, mamlaka ya usimamizi humdai kiongozi, na kiongozi humdai mshirika aliyekosea. Mshirika asipolipa, nchi ya mshirika huyo ndiyo inayopaswa kuzirudisha kwa mamlaka. Kwa hiyo kiongozi hatabeba deni la mwingine milele, lakini barua ya madai huanza kuja kwake, na mawasiliano ya mwaka mzima hupita mezani kwake.

Makosa yanayozaa madai hayo hayana siri. La kwanza ni manunuzi. Mshirika anahitaji mpiga picha, mwandishi wa tovuti na mwendesha warsha. Anaigawa kazi ya mtu mmoja katika hati tatu ndogo ili asitangaze zabuni, na mkaguzi anazijumlisha. La pili ni muda wa watumishi: mtu aliyeandikwa asilimia 50 kwenye mradi lakini barua ya ajira haisemi hivyo, au barua ilisainiwa miezi minne baada ya kazi kuanza. La tatu ni tarehe, yaani ankara ya huduma iliyofanyika baada ya mradi kufungwa. La nne ni nembo. Vibao, vijitabu na kurasa za mradi zisipoonyesha bendera ya Umoja wa Ulaya na maelezo ya ufadhili, na kasoro isiporekebishwa, mamlaka inaweza kufuta hadi asilimia 2 ya msaada wa mshirika husika. Kwa kiongozi wa mfano wetu hiyo ni euro 2,626. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo zamani ilileta mabishano mengi, katika kipindi hiki si tatizo kwa miradi ya ukubwa huu: inakubalika kama gharama pale jumla ya mradi inapokuwa chini ya euro milioni 5.

Kwa kuwa fedha huchukua nafasi kubwa hivi, ni rahisi kusahau kwamba mtandao upo kwa ajili ya mtaa. Kila mji katika URBACT huunda kikundi cha wenyeji: maofisa wa idara husika, wafanyabiashara, walimu, vyama vya wakazi, na yeyote ambaye tatizo linamgusa. Kikundi hicho ndicho kinachoandika mpango jumuishi wa hatua ambao mji utautekeleza baada ya mradi. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha mikutano ya miji inalisha kikundi hicho. Mkutano wa siku mbili Bydgoszcz au Cesena una faida ikiwa kila mshirika amekuja na mtu mmoja wa kikundi chake, na akarudi na jambo la kujaribu kwa gharama ndogo ndani ya miezi mitatu. Mikutano ya hotuba kumi na chakula cha jioni haimsaidii mtu. Wataalamu wa mtandao wanaolipwa na mpango wapo kuendesha upande huu, na kiongozi mwenye hekima humpa mtaalamu mkuu nafasi ya kuwaambia washirika ukweli ambao yeye kama mwenyeji anaona haya kuusema.

Waswahili wanaoishi katika miji hii wana mlango hapo. Vikundi vya wenyeji vinaruhusiwa kuwa na vyama vya wahamiaji, na mada kama makazi, ajira ya vijana, chakula cha shuleni au matumizi ya majengo matupu zinawahusu moja kwa moja. Chama cha wakazi kinachomwandikia mratibu wa mji wakati mtandao ndiyo kwanza unaanza kina nafasi kubwa kuliko kile kinachokuja kulalamika baada ya mpango kuchapwa.

Jambo hili lisichanganywe na udugu wa miji unaofahamika Afrika Mashariki, kama ule wa Mwanza na Würzburg ulioanza mwaka 1966, wa Mwanza na Tampere ulioanza 1988, au wa Dar es Salaam na Hamburg ulioanza 2010. Huo ni uhusiano wa miji miwili miwili. Hauna mshirika kiongozi wa kisheria, na miji yetu haimo kwenye orodha ya wanaofadhiliwa na URBACT. Hata hivyo ofisa wa halmashauri anayeandaa mradi na jiji dada la Ulaya atafaidika kuzijua taratibu hizi, kwa kuwa ofisi ya upande wa pili imezizoea, na ataelewa kwa nini inadai orodha ya saa za kazi na nukuu tatu za bei hata kwa kitu kidogo.

Mradi ukifika mwisho, kiongozi bado hajamaliza. Dai la mwisho la malipo huandaliwa wakati mikataba ya watumishi wa mradi imeshakwisha, kwa hiyo bajeti na mkataba wa mhasibu viachiwe miezi ya ziada inayolipwa na mji wenyewe. Kisha nyaraka zote, yaani ankara, hati za benki, mikataba, orodha za mahudhurio na saa za kazi, hutunzwa kwa miaka mitano kuanzia tarehe 31 Desemba ya mwaka ambao mamlaka ya usimamizi ilifanya malipo ya mwisho. Malipo ya mwisho yakifanyika Aprili 2026, hesabu huanza 31 Desemba 2026 na kuisha mwisho wa 2031. Ofisa aliyeratibu anaweza kuwa amehamia kwingine muda mrefu kabla ya hapo, kwa hiyo makabidhiano ya kabati na ya faili za kompyuta yaandikwe na kusainiwa siku anayoondoka, na nakala ibaki kwa mweka hazina.